Nani akutabirie kesho yako: nia yako, rekodi yako, waliotangulia au dada yako?

Unafikiria kujiandikisha shahada ya uzamili huku ukiendelea na kazi. Au umenunua kiwanja na unataka kuanza msingi mwezi ujao. Au kuna mkopo wa SACCOS, fomu iko mezani, zimebaki sahihi tu, yako na ya wadhamini. Maamuzi yote haya yana swali moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote: wewe, huyuhuyu unayejijua, utakuwa unafanya nini mwaka na nusu kutoka leo? Utaamka alfajiri kusoma? Utarejesha kila tarehe 30 bila kuruka?

Kuna mashahidi wanne wa kuwauliza. Kuna nia yako mwenyewe, kuna rekodi ya ulivyofanya huko nyuma, kuna watu waliokwisha kupita njia hiyo, na kuna mtu anayekufahamu vizuri kwa nje. Wengi wetu humuuliza wa kwanza, tukaridhika, tukasaini. Nimewalinganisha hapa wote wanne, nikaongeza na njia ya tano isiyo utabiri hata kidogo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukibahatisha: nia iulizwe mwisho, na iulizwe maswali machache tu.

Nia yako

Nia ni shahidi wa karibu na wa bure. Unajiuliza, jibu linakuja papo hapo, tena kwa uhakika. Ubovu wa ushahidi wake unajulikana kwa sababu umepimwa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada waliokuwa wanamalizia tasnifu zao. Waliulizwa watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 34 hivi. Wakaulizwa tena: na mambo yote yakiharibika kadiri yanavyoweza kuharibika? Wakasema kama siku 49. Walitumia siku 55 na nusu. Yaani hata balaa walilolifikiria lilikuwa na nafuu kuliko yaliyowakuta, na ni watatu hivi tu kati ya kila kumi waliomaliza ndani ya muda waliousema.

Wanafunzi hao hawakuwa wavivu wala waongo. Walijijua: walijua wanachokitaka, walijua kasi yao ya kuandika siku ikiwa nzuri. Tatizo ni kwamba nia ukiiuliza lini, inakusimulia mpango, na ndani ya mpango mtoto haugui, umeme haukatiki, msimamizi wa tasnifu hasafiri, na hakuna simu ya usiku ya kuitwa msibani Tanga. Kila moja ya hayo ni la nadra. Kwa pamoja ni la kila wiki.

Ushahidi wa pili unahusu wema wetu. Nicholas Epley na David Dunning, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kama watanunua ua katika siku za maua ya hisani zinazochangia mapambano dhidi ya saratani. Asilimia 83 walisema watanunua angalau moja. Walipoulizwa kuhusu wenzao, walikadiria asilimia 56. Siku zikapita, walionunua wakawa asilimia 43. Utabiri wao kuhusu wengine haukuwa mbali sana, uliokosea vibaya ni ule wa kuhusu nafsi zao. Kwa wenzetu tunaangalia binadamu walivyo, kwamba mtu atapita na haraka zake na pochi haina chenji. Kwetu tunaangalia moyo, na moyo kweli ulitaka kununua.

Kwa hiyo nia itupwe? Hapana, maana inayajua mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Unajua kama umekwisha kuamua kimoyomoyo kuacha kazi, ingawa bosi wako anakuhesabia kwenye mradi wa mwakani. Unajua kinachokukosesha usingizi. Simine Vazire, katika utafiti wa mwaka 2010 uliolinganisha watu walivyojieleza na walivyoelezwa na marafiki zao, alikuta kwamba kwenye mambo kama wasiwasi mwenyewe ndiye shahidi bora, lakini kwenye akili na ubunifu marafiki wanamshinda. Basi nia iulize: ninalitaka jambo hili kweli? Kinachonitisha ni nini? Usiiulize lini, wala mara ngapi, wala kiasi gani.

Rekodi yako

Chukua taarifa ya miamala ya pesa za simu yako ya mwaka mmoja. Usihangaike na jumla kwanza. Angalia siku kumi zinazofuata mshahara, mwezi baada ya mwezi. Mtu anayesema "naweza kuweka laki mbili kila mwezi" kwa kawaida amefanya hesabu kichwani: mshahara, toa kodi, toa chakula, toa nauli, zinabaki laki mbili na chenji. Taarifa haifanyi hesabu, inaonyesha. Tarehe 28, elfu hamsini kwa mdogo wako aliyeko chuo. Tarehe 29, mchango wa harusi. Tarehe 1, kutoa kwa wakala, na makato yake chini. Tarehe 3, mchango wa msiba. Tarehe 4, vocha, tena vocha. Tarehe 6, elfu thelathini kwa jina ambalo hata hulikumbuki. Hakuna hata moja lililo la kipuuzi, na kila moja ulipolifanya ulilihesabu kuwa la safari hii tu. Ukishuka na taarifa hiyo hadi mwisho wa mwaka utaona kwamba hapakuwa na mwezi uliokosa la safari hii tu.

Hiyo ndiyo nguvu ya rekodi. Haikuandikwa kwa ajili ya kumfurahisha mtu, hata wewe.

Lakini rekodi ina hila yake, na Buehler na wenzake waliikuta. Watu wakikumbushwa walivyochelewa zamani, wana maelezo kwa kila kuchelewa: ile kompyuta iliharibika, ule mwaka nilikuwa nauguza. Kila kosa lina sababu yake ya nje na sababu hiyo imepita, kwa hiyo halihesabiwi. Walijaribu kuwakumbusha washiriki historia yao kabla ya kukadiria, na kukumbushwa peke yake hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwataka waunganishe historia hiyo na kazi iliyoko mbele yao. Kwa vitendo maana yake ni kukaa na kalamu. Andika kazi tatu za mwisho zinazofanana na hii. Kwa kila moja weka muda uliousema na muda uliotumika. Halafu andika, kwa mkono wako, "kwa hiyo hii ya sasa itachukua…" na ujaze. Ukiishia kuzikumbuka tu, utazisamehe.

Mfano wa gharama ya kutoiangalia rekodi unatoka kwenye kumbi za mazoezi za Marekani. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichambua kumbukumbu za miaka mitatu za wanachama zaidi ya 7,700 wa kumbi tatu, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliochagua kulipia kwa mwezi walilipa zaidi ya dola 70 na kuhudhuria kama mara nne na kitu kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu takriban dola 17, wakati kwenye kumbi hizohizo kulikuwa na tiketi za ziara kumi kwa dola 100. Walinunua kwa ajili ya mtu waliyekusudia kuwa. Tusiwacheke sana. Angalia kifurushi cha intaneti cha mwezi ulichonunua mara ya mwisho, ujiulize ni GB ngapi ziliisha muda zikiwa hazijaguswa.

Rekodi inashindwa mahali pawili. Kwanza, jambo likiwa la mara ya kwanza kabisa huna rekodi nalo: ndoa ya kwanza, nyumba ya kwanza. Pili, inamwonea mtu aliyebadilika kweli. Kanuni ninayoitumia mimi ni kwamba rekodi iaminiwe mpaka kiwepo kitu kilichobadilika ambacho hata jirani angekiona kwa macho: umehama ukawa karibu na kazini, umepata msaidizi wa nyumbani, umeacha kazi ya pili, mkopo wa zamani umeisha. "Safari hii nimeamua" halimo kwenye orodha hiyo. Hiyo ni nia imerudi kwa mlango wa nyuma.

Waliotangulia

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye eneo hili alikisimulia Daniel Kahneman mwenyewe, mwanasaikolojia ambaye pamoja na Amos Tversky ndio waliotoa jina la kitaalamu la kosa hili la mipango mwaka 1979. Akiwa Israeli alikusanya timu ya kuandaa mtaala wa shule za sekondari. Siku moja aliwataka wote waandike kwenye karatasi, kila mtu kivyake, kazi itachukua muda gani. Makadirio yalizunguka kwenye miaka miwili: wa chini mwaka mmoja na nusu, wa juu miwili na nusu. Halafu akamgeukia Seymour Fox, mtaalamu wa mitaala aliyekuwa mmoja wao, akamuuliza kama anazifahamu timu nyingine zilizowahi kuandaa mtaala kuanzia sifuri. Alizifahamu. Zilichukua muda gani? Fox alinyamaza kidogo, kisha akasema kama asilimia 40 hazikumaliza kabisa, na zilizomaliza hazikupungua miaka saba. Na timu yetu ukiilinganisha na hizo? Akasema iko chini kidogo ya wastani.

Dakika chache kabla, Fox huyohuyo alikuwa ameandika makadirio ya miaka kama miwili kwenye karatasi yake. Habari zote alikuwa nazo kichwani. Alipoulizwa kuhusu kazi yao alijibu kwa kuangalia kazi yao, na zile timu nyingine hazikumjia mpaka alipoulizwa kuhusu timu nyingine. Wakaendelea na mradi kana kwamba hakuna kilichosemwa. Ulikamilika baada ya miaka minane, na mtaala wenyewe haukuja kutumika.

Kwetu darasa la somo hili liko wazi kila pembezoni mwa mji. Toka Dar es Salaam kuelekea Chanika au Kibaha, hesabu maboma yaliyofika lenta yakasimama, majani yameota sebuleni, nondo zimeshika kutu zikisubiri. Wenye maboma hayo walikuwa na makadirio ya fundi, na fundi alisema kweli kuhusu tofali na mifuko ya saruji. Hakuulizwa kuhusu ada za Januari. Ukitaka kujua nyumba yako itachukua muda gani, mwache fundi kwanza, pita mtaa huohuo ulikonunua kiwanja ubishe hodi nyumba kumi. Uliza maswali mawili: mlichimba msingi mwaka gani, na mlihamia mwaka gani? Kisha ongeza la tatu, lenye utamu wake: mlipohamia, ilikuwa imekwisha? Wengi watacheka. Watu huhamia madirisha yakiwa ya mbao za kubandika, wakamalizia wakiwa ndani. Jibu la watu kumi hao ni bora kuliko ramani yako na kuliko moyo wako, hata kama mshahara wako ni mkubwa kuliko wao. Ukijiona una tofauti, toa kidogo kwenye wastani wao, usianze hesabu upya.

Waliotangulia wanasaidia hata kwenye hisia, jambo ambalo watu hulikataa kabisa. Daniel Gilbert na wenzake walichapisha mwaka 2009 jaribio la wanawake waliokuwa wanakutana na wanaume kwa mazungumzo mafupi ya kufahamiana. Baadhi walipewa picha na maelezo ya mwanamume ili wakadirie watakavyofurahia. Wengine hawakupewa chochote isipokuwa alama aliyotoa mwanamke mwingine, wasiyemjua, baada ya kuzungumza naye. Waliotegemea alama ya mgeni walikosea karibu nusu tu ya wenzao. Na bado washiriki wengi waliamini picha na maelezo ndiyo yangewasaidia zaidi. Kila mtu anaona ladha yake ni ya peke yake.

Kama unafikiria kazi Oman au Dubai, hapo ndipo pa kuitumia njia hii, kwa uangalifu mmoja. Aliyerudi na mabegi atakusimulia mwanzo na mwisho. Mtafute aliyeko huko sasa hivi, katikati ya mkataba, umuulize jana yake ilikwendaje: aliamka saa ngapi, alikula na nani, simu yake ilikaa na nani, alilala saa ngapi. Jana ya mtu haijapata muda wa kupambwa.

Kasoro ya waliotangulia ni kwamba hawakuoni wewe. Wanakupa wastani wa watu, na kama una ugonjwa, deni au kipaji ambacho wao hawana, wastani hautakitaja.

Dada yako

Nyani haoni kundule, na wahenga walikuwa na ushahidi mbele yao kila siku. Tara MacDonald na Michael Ross walichapisha mwaka 1999 utafiti wa wanafunzi waliokuwa kwenye mahusiano ya mapenzi. Wanafunzi wenyewe, wenzao wa chumbani na wazazi wao walitabiri kama uhusiano utadumu. Wazazi na wenzao wa chumbani walibashiri vizuri zaidi kuliko wapenzi wenyewe, na wapenzi ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi. Wapenzi waliangalia mazuri ya uhusiano. Walio nje waliona na nyufa.

Shida ya shahidi huyu kwetu ni adabu. Mdogo hawezi kumwambia kaka yake mkubwa kwamba hatamaliza chuo. Mama atakwambia Mungu atasaidia mwanangu, na hilo halina tarehe. Shemeji atasema unachotaka kusikia, kisha atasema kweli ukiondoka. Kwa hiyo mchague wa rika lako au aliye juu yako kidogo na asiyekuogopa, na usimuulize "unaonaje?", maana swali hilo linaomba baraka. Muulize lenye kuhitaji jibu la ndiyo au siyo.

"Dada, naomba uniambie kweli, usinionee haya. Nikianza hii biashara ya kushona, mwakani mwezi kama huu nitakuwa bado nashona?"

"Mdogo wangu, ile oveni ya keki iko wapi?"

"Iko chini ya kitanda."

"Basi umeshanijibu."

Dada wa namna hiyo ana thamani kuliko mshauri wa kulipwa. Lakini mpime naye pia: kama uamuzi wako unamgusa, kwa mfano ukienda Muscat yeye ndiye atabaki na mama mgonjwa, utabiri wake utakuwa umechanganyika na maslahi yake, bila hata yeye kujua. Na kuhusu yaliyomo moyoni mwako, usimuulize kabisa. Hayo bado ni yako.

Ukitazama miaka kumi mbele

Hapa mashahidi wote wanapungua nguvu, na anayeanguka kuliko wote ni nia. Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson waliwauliza watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 hadi 68, wamebadilika kiasi gani miaka kumi iliyopita na watabadilika kiasi gani kumi ijayo. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kila rika liliona limebadilika sana, na kila rika likaamini sasa limetulia. Katika jaribio mojawapo watu walikuwa tayari kulipa wastani wa dola 129 kumwona mwanamuziki wanayempenda leo, onyesho likiwa miaka kumi ijayo. Kumwona leo yule waliyempenda miaka kumi iliyopita, walitoa 80.

Hofu zetu nazo zinatia chumvi. Gilbert na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1998, waliwahoji wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Texas waliokuwa wanasubiri kuthibitishwa kazini moja kwa moja, pamoja na waliokwisha kupata jibu. Waliosubiri walitabiri kwamba wakikataliwa watahuzunika kwa miaka. Waliokwisha kukataliwa miaka ya nyuma hawakuwa na furaha pungufu kiasi hicho. Kwa safari ndefu, basi, sioni haja ya kutafuta shahidi bora. Ukiwa na njia mbili zinazokaribiana, chukua ile unayoweza kurudi nyuma bila kufilisika.

Njia ya tano: kufuli

Kuna mambo ambayo ukishajua utabiri wako haupati, huna sababu ya kutabiri tena. Unafunga mlango sasa hivi, wakati nia ingali na nguvu.

Ushahidi bora uko jirani, Busia, magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi kwa miaka na wakulima wa mahindi waliokwisha kuona kwenye mashamba ya majaribio kwamba mbolea inalipa. Karibu wote, asilimia 97 na zaidi, walisema watatumia mbolea msimu unaofuata. Waliotumia walikuwa kama asilimia 37. Pesa huwapo wakati wa mavuno na mbolea hutakiwa miezi baadaye. Katikati hapo pana ada, wagonjwa na sherehe. Watafiti wakabuni mpango mwepesi: mtu akupitie nyumbani mara tu baada ya mavuno, ulipie mbolea sasa, uletewe bure baadaye. Matumizi yalipanda. Kuletewa bure wakati pesa ipo kulifanya kazi iliyokaribia ile ya punguzo la nusu bei wakati pesa imekwisha. Na kati ya wakulima waliopewa nafasi ya kuchagua lini wapitiwe, wapo wengi walioomba iwe mapema, pesa ikiwa bado mkononi. Huko ndiko kujijua kunakofaa kitu.

Sasa ulinganishe makufuli yenyewe, kwa sababu hayalingani. Kibubu cha mbao kisicho na mlango, unachokivunja kwa nyundo, ni kufuli la kati: unaweza kukivunja, lakini nyumba nzima itasikia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu ndugu za kibubu hiki kwa wanachama wa vyama vya kuweka akiba magharibi mwa Kenya, wakachapisha mwaka 2013. Kundi moja lilipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Jingine sanduku kama hilo, ila ufunguo ulikaa kwa afisa wa mradi mpaka lengo la afya litimie. Jingine lilianzisha mfuko wa afya ndani ya chama, kila mtu akichangiwa kwa zamu. Sanduku la ufunguo mkononi liliwasaidia sana watu wa kawaida, kwa sababu pesa iliyo sandukuni ina jina na unaweza kumjibu anayeomba kwamba hiyo si ya kugawa. Sanduku la ufunguo kwa afisa halikuwavutia kuweka kwa ajili ya kinga kama vyandarua: pesa ilifungwa mno, na dharura haisubiri afisa. Wale ambao vipimo vilionyesha leo inawashinda kesho, sanduku la ufunguo mkononi halikuwatosha. Hao walisaidiwa na mfuko wa chama, yaani macho ya wenzao.

Chagua kwa kufuata hapo. Kama rekodi yako inaonyesha unaombwa pesa na hujui kukataa, sanduku au akaunti ya kufunga kwenye simu inakutosha. Kama rekodi inaonyesha mvunjaji ni wewe mwenyewe, ingia kwenye mchezo wenye kijumbe asiye na masihara, kwenye kundi la watu utakaoona aibu kuwakosea. Kufuli kali lenye ufunguo kwa mtu baki liache kwa pesa ambayo una hakika huitaki kwa dharura.

Kwa fomu iliyoko mezani

Kwa shahada: waliotangulia kwanza. Tafuta watu waliosoma programu hiyohiyo wakiwa kazini, na uwatafute hata walioacha, maana kwenye mahafali hutawaona. Rekodi ya pili: kozi ya mwisho uliyojisomea mwenyewe ulifika sura ya ngapi? Nia ije kusema tu kama unaitaka shahada au unataka cheo chake.

Kwa nyumba: mtaa wa viwanja, halafu taarifa ya miamala. Kama wastani wa majirani ni miaka saba, panga kodi ya miaka saba. Usimwambie mwenye nyumba unahama mwakani.

Kwa mkopo, dada na taarifa ya miamala wakae pamoja, na nia isikaribishwe. Hesabu marejesho kwa kutumia mwezi wako mbaya kuliko yote kwenye taarifa ile ya mwaka. Kama mwezi huo usingeweza kulipa, omba kiasi kidogo zaidi au muda mrefu zaidi kabla mdhamini hajaweka sahihi, kisha peleka maelekezo kwa mhasibu wako ili makato yatoke kwenye mshahara kabla haujaingia kwenye simu.